Mikono Mitupu ya Bi Mwatima

Mtazama migongo hapewi kisu.

Hilo ndilo jibu langu, Nasra, wala sikulitoa kwa ukali. Umekuja na sinia la vitunguu na kisu, umemwona bibi yako amekaa juu ya jiwe, miguu majini, mikono magotini, ukadhani amepumzika. Sijapumzika. Wale wajukuu zangu watatu mle dimbwini wamevaa miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia waliyoletewa kwa sikukuu. Nyuso zao zimo majini, na uso ukishaingia majini hauoni tena kinachokuja kutoka nyuma wala ubavuni. Mtu asiyeona ni lazima aonwe.

Mnaniambia dimbwi lenyewe maji yake ya kiunoni. Ni ya kiunoni kwa aliyesimama. Aliyelala kifudifudi hana kiuno.

Basi kaeni hapa ubavuni kwangu, wewe na hao wenzako, msinizibe mbele. Mmeuliza maneno hayo yametoka wapi, nami nitawaambia, ila nitasimulia bila kuwageukia. Msinione nimekosa adabu. Na nikinyamaza katikati ya maneno msinisukume, nitakuwa nataja majina. Salha. Mundhir. Kheri. Naam, wapo.

Maneno hayo yalizaliwa ndani ya mtumbwi mmoja wa kijiji hiki hiki, uliokuwa wa shangazi yangu Kazija. Aliurithi kwa baba yake, na alikuwa na pumzi ndefu kuliko mwanamke yeyote wa pwani hii. Aliyefuatana naye majini ni wifi yake, Mize, na huyo Mize ndiye mama yangu mzazi. Siku hizo mimi nilikuwa mchanga, bado nanyonya. Wa tatu alikuwa Hidaya, bi harusi wa mwaka ule, ambaye mdomo wake ulikuwa haujapata kufuli. Na wa nne, mkubwa wao, alikuwa Bi Mwatima, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wawili kwa riziki ya mtumbwi ule. Haya yote nimeyapata kwa shangazi Kazija mwenyewe. Alinisimulia kila nilipomwomba, na kila mara alisimulia kama mtu anayebeba gunia lile lile kwa njia ile ile.

Kazi yao ilikuwa pweza. Wanawake wengine walitembea juu ya mwamba maji yakitoka, wakichokoa mapango kwa kijiti. Lakini mwamba wa karibu ulikuwa umechokolewa mpaka umechoka. Kina shangazi walikuwa wamepata miwani na mirija kwa wageni fulani waliokuja kupima matumbawe wakaenda zao, kwa hiyo waliweza kufika mbali zaidi, kando ya Mlango wa Chaza, pale ambapo mwamba umekatika na maji ya ndani hutokea kwenda bahari kuu. Huko walivaa suruali na fulana kwa ajili ya jua la mgongoni, na viatu vya plastiki kwa ajili ya miba ya chini. Walilala juu ya maji, uso ndani, mrija nje, wakielea polepole huku wakitafuta jicho la pweza ndani ya pango lake. Wakimwona, walivuta pumzi wakashuka.

Ilikuwa desturi, na hakuna aliyejua nani aliianzisha, kwamba hawashuki wote. Mmoja hubaki mtumbwini, na kwao alikuwa Bi Mwatima. Huyo havui chochote, hashiki chochote. Hukaa mikono magotini akatazama migongo ya wenzake, akitaja majina yao chini kwa chini kama anayevuta uradi: Kazija, Mize, Hidaya, Kazija, Mize, Hidaya. Miguuni pake huwa na jiwe. Akigonga ubavu wa mtumbwi kwa jiwe lile, mlio unasikika chini ya maji kuliko unavyosikika juu, na kila anayeusikia ni lazima ainue kichwa papo hapo, hata kama mkono wake uko kichwani mwa pweza. Na kabla hawajaingia majini, mtazamaji humuuliza kila mmoja, akimtazama usoni: "Umelala? Umekula?" Asiyelala au asiyekula hakai majini siku hiyo. Anakaa na mtazamaji.

Wakirudi, mtazamaji hupata fungu sawa na wengine. Sawa kabisa.

Mtauliza kuna ugumu gani kutazama migongo. Nami nilimuuliza shangazi. Akaniambia: mgongo wa mtu anayemvizia pweza na mgongo wa mtu aliyekwisha kukata roho ni mgongo mmoja. Wote wawili wamelala kifudifudi, wote wawili wametulia, wala hapana kelele. Mtu anayezama katika hadithi hupiga makofi majini na kuita. Mtu anayezama kweli akiwa na mrija mdomoni huonekana kama amepata pango zuri. Kwa hiyo mtazamaji hatazami mgongo tu. Anatazama mrija kama umesimama au umelala. Anatazama visigino kama vinapiga. Anatazama maji yanamfanyia nini mwenzake. Na mambo hayo hayaonekani kwa jicho linalokuja na kuondoka.

Ngojeni kidogo. Salha. Mundhir. Kheri. Kheri anakohoa, ameingiwa maji mrijani. Amesimama. Haya.

Sasa, kosa halikuanza kwa ubaya. Lilianza kwa uchovu. Wanawake wale waliamka kabla ya adhana, wakateka maji kisima cha mbali, wakapika, wakaenda baharini kutwa, na wakirudi kazi ilikuwa bado haijaanza: pweza hutolewa matumbo, hugeuzwa kichwa, hupigwa juu ya mawe mpaka alainike, halafu waume na watoto wanataka kula. Uchovu wa siku hizo haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa kama vumbi, umekaa juu ya kila kitu.

Hidaya ndiye aliyeligusa jambo hilo kwanza, kwa mzaha, siku moja wakirudi.

"Bi Mwatima amepata kazi ya peponi," alisema. "Amevaa kofia yake ya ukili, anatazama makalio yetu kutwa nzima, jioni anabeba pweza sawa na sisi."

"Makalio yenyewe yangekuwa ya kupendeza," Bi Mwatima akajibu, "kazi hiyo ningeifanya bure."

Wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Lakini mzaha wa namna ile hauondoki na kicheko chake. Ulibaki mtumbwini kama maji machafu chini ya mbao, na kila siku mtu mmoja aliukanyaga. Mara Hidaya anauliza kama macho yanaumwa kwa kukaa. Mara jirani ufukweni anauliza yule mzee analipwa nini. Bi Mwatima akawa anajibu kwa maneno machache zaidi, na akishuka ufukweni alikuwa wa kwanza kunyanyua kapu zito, ili aonekane naye amenyanyua kitu.

Bamvua iliyofuata, siku zile za maji kujaa sana na kutoka sana, shangazi Kazija akalisema wazi. Walikuwa wanasukuma mtumbwi kurudi. Mama yangu alikuwa amesinzia, kichwa juu ya kamba ya nanga.

"Bibi, sisemi ufanye kazi ya mtu," shangazi alianza. "Ila mikono yako imekaa. Ungetupasulia wale tuliokwisha kuwapata, tukifika tungeoga tukalala. Mtazame huyu wifi yangu, ana mtoto mchanga, hajui tena usingizi una rangi gani."

"Mikono imekaa, macho hayajakaa," akasema Bi Mwatima.

"Macho si yatakuwepo? Kisu kinashikwa na mkono."

"Kinashikwa na mkono, Kazija, lakini kinaongozwa na jicho."

"Utakuwa unainua kichwa kila baada ya pweza mmoja. Nisaidie, bibi. Nimechoka."

Shangazi aliniambia kwamba lau angelitumia neno jingine lolote, Bi Mwatima angelikataa. Neno "nimechoka" halina jawabu kwa mtu ambaye naye amechoka. Bi Mwatima alinyoosha mkono akapokea kisu.

Na hapakutokea kitu. Hilo mlishike, kwa sababu ndilo linalodanganya watu. Siku ile hapakutokea kitu, wala kesho yake, wala bamvua nzima, wala iliyofuata. Walifika ufukweni pweza wamekwisha kupasuliwa. Walipata kulala mchana. Hidaya aliacha mizaha, akawa anamwita Bi Mwatima mama. Hata Bi Mwatima mwenyewe alikiri kwamba alikuwa anatembea na shingo iliyonyooka. Kosa likifanyika mara ya kwanza bila adhabu, hupewa kiti. Likifanyika mara ya pili, linaandaliwa chakula.

Ikaja siku ambayo mimi nilikuwa na homa. Nililia usiku mzima, nasikia, na mama alinibeba akizunguka ua mpaka kukapambazuka. Akanywa chai kavu, akaniacha kwa bibi yangu, akaenda pwani kwa sababu bamvua haingoji homa ya mtoto.

Angefika mtumbwini siku za nyuma, Bi Mwatima angemtazama usoni akamuuliza, "Umelala? Umekula?" Na mama yangu hakuwa mwongo. Angekaa siku hiyo. Lakini kulikuwa na pweza wa jana waliobaki bila kupasuliwa, na walipokuwa wanavaa miwani Bi Mwatima alikuwa ameinamia kapu, kisu kiko kazini. Aliuliza huku ameinama. Mama akajibu, "Alhamdulillahi," na hilo ni jibu la kila kitu. Akateleza majini.

Kwa hiyo msidhani kisu kilichukua macho peke yake. Kwanza kilichukua lile swali.

Asubuhi ile maji yalikuwa safi na pweza walikuwa wengi. Kila mara mmoja wao alikuja kutupa pweza mtumbwini akarudi. Mama alishuka mara nyingi kuliko kawaida yake. Shangazi alimwona akiwa juu ya maji anavuta pumzi haraka haraka, nyingi nyingi, kama mtu anayepuliza moto, ili akae chini muda mrefu. Walijua jambo hilo ni baya. Mtu akifanya hivyo, kifua kinasahau kudai hewa, na usingizi unaweza kumchukua njiani akipanda, bila maumivu, bila kupiga hata teke. Shangazi alitaka kumkemea. Akaona kwanza amalize pango lake.

Maji yalikuwa yameanza kutoka. Mlango wa Chaza ukianza kutoa maji hauvumi wala hautoi povu. Unavuta tu, kama mtu anayevuta shuka polepole kutoka kwa aliyelala.

Bi Mwatima aliinua kichwa baina ya pweza na pweza. Migongo mitatu. Mama alikuwa na fulana nyekundu, ametulia mahali pamoja. "Amepata pango," Bi Mwatima akajisemea, akainama tena. Aliyefuata mkononi mwake alikuwa pweza mkubwa ambaye alikuwa hajafa sawasawa. Akamzungushia mikono mpaka kwenye kiwiko, akamtapikia wino. Bi Mwatima alipambana naye, akambandua mkono mmoja mmoja, akamgeuza kichwa, akampasua, akajisuuza. Hiyo ilikuwa kazi safi, shangazi alisema. Yule pweza alipasuliwa vizuri kuliko wote.

Alipoinua kichwa tena, fulana nyekundu ilikuwa mbali.

Bado hakushtuka. Alikuwa ameitazama mara ngapi ikienda mbali ikarudi? Ilikuwa imelala vizuri juu ya maji, imetulia. Kilichomshtua ni shada la mwani lililokuwa likielea karibu yake. Lilikuwa likienda mlangoni, na fulana ilikuwa ikienda nalo, bega kwa bega, mwendo mmoja. Mtu aliye hai hupishana na mwani. Anapiga kisigino, anajishikilia, anageuka. Yule alikuwa anasafiri nao. Na mrija wake ulikuwa umelala.

Bi Mwatima alichukua jiwe akagonga ubavu wa mtumbwi. Kichwa cha Kazija kikatoka. Kichwa cha Hidaya kikatoka. Akagonga tena, na safari hii hakuwa anamgongea mtu wa kusikia.

Shangazi alipoona fulana ilipo, alianza kuogelea kuifuata. Bi Mwatima akamwita kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mtumbwini.

"Kazija, rudi ushike mtumbwi. Ukimfuata kwa mikono nitakuwa na migongo miwili mlangoni."

Shangazi akarudi. Aliniambia kutii neno lile ndiko kulikuwa kugumu kuliko yote aliyoyafanya maishani. Yeye na Hidaya wakashika mtumbwi kwa nyuma, wakapiga miguu. Nanga ilikuwa imenasa kwenye matumbawe. Hapakuwa na wakati wa kuinasua. Bi Mwatima aliikata kamba kwa kile kisu alichokuwa nacho, akakiacha kikaanguka majini, akashika pondo, akasukuma.

Walimfikia pale ambapo chini hapaonekani tena. Wakamgeuza uso juu. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Walimvuta ndani akiwa mzito kama mkeka uliolowa, na Hidaya akaanza kulia, akamtikisa, akamwita. Bi Mwatima akamsogeza. Aliwahi kuona wakunga wakimpulizia pumzi mtoto anayezaliwa kimya. Akamlaza mama chali juu ya pweza, akamziba pua, akampulizia mdomoni, akampulizia tena, akampulizia tena, huku shangazi na Hidaya wanahangaika na mtumbwi. Hawakushindana na mkondo. Ungewashinda. Walikwenda ubavuni mwake, kuelekea maji haba, wakiacha uwapeleke mbele kidogo kidogo, mpaka wenyewe ukawaachia.

Walipogusa mchanga mama alikohoa.

Salha. Mundhir. Mundhir ameenda kwenye lile jiwe jeusi, linamficha nusu. Ngojeni nigonge. Mnaona? Nagonga mawe mawili ndani ya maji tu, wala sikuita, na vichwa vyote vimeinuka. Arudi huku. Haya, sasa namwona mzima.

Mama yangu aliishi, msikunje nyuso. Alirudi, ila hakurudi mzima. Maneno yake yalikuwa yakija polepole, kila moja kama limetoka safari ya mbali. Aliniita kwa majina ya dada zake mpaka nilipofika umri wa kuolewa, nami nikaitika yote. Kanga alifungwa na shangazi kila asubuhi, maana vidole vilikuwa vimesahau fundo. Na hakuutia tena uso wake majini, hata kwa kunawa. Alilowesha kitambaa akajifuta. Alikuwa mpole sana. Ukikaa naye ulichoka, na ukiondoka ulijuta kwamba umechoka.

Siku ile ufukweni hakuna aliyegawa mafungu. Pweza walibaki mtumbwini, nusu wamepasuliwa, mpaka wakanuka, na mtu mwingine ndiye aliyewatupa. Kijiji kilisema, kama vijiji vinavyosema. Wako waliosema Bi Mwatima alipewa macho akayauza kwa kisu. Wako waliosema mwenye mtumbwi ndiye mwenye kosa. Bi Mwatima alijifungia kwake, na fungu lake likakatika, na wajukuu wake wakawa wanakula kinachopelekwa na majirani, ambacho leo kipo na kesho kimesahauliwa.

Bamvua iliyofuata ilipokaribia, shangazi Kazija alikwenda nyumbani kwake. Alibisha hodi, akakuta mlango uko wazi na Bi Mwatima amekaa sakafuni, mikono magotini, kama alivyokuwa akikaa mtumbwini zamani.

"Karibu," Bi Mwatima alisema. "Kama umekuja kunilaumu, kaa kwanza. Lawama haisemwi kwa kusimama."

"Sikuja kulaumu, bibi. Bamvua ni keshokutwa. Nimekuja kukuchukua."

"Wenye macho makali kuliko yangu wamejaa kijijini humu."

"Wamejaa. Lakini nani kati yao aliyeujua mwani?"

Bi Mwatima aliitazama mikono yake. Halafu akasema, "Kile kisu nilikipokea mwenyewe, Kazija. Hukunishikisha kwa nguvu. Nilichoka kuonekana nimekaa."

"Na mimi," shangazi akasema, "nilichoka kukuona umekaa."

Shangazi aliniambia hawakulia. Wangelia ingekuwa nafuu. Walikuwa kama watu waliotua mzigo mmoja na hakuna mwenye nguvu ya kuunyanyua.

Mwishowe Bi Mwatima aliinyoosha mikono yake mbele, viganja juu.

"Unaionaje hii?"

"Mitupu, bibi."

"Itazame vizuri, maana ndivyo itakavyokuwa. Siku utakayoiona mitupu ukakereka, nirudishe nchi kavu kabla hujaingia majini. Mtazama migongo hapewi kisu. Hapewi kisu, hapewi mtoto wa kupakata, hapewi soga la kuitikia. Na atakayeniambia 'Alhamdulillahi' nitamshika kidevu nimtazame macho."

"Nimekubali. Na fungu lako lile lile."

"Fungu langu ni kurudi na nyinyi," akasema Bi Mwatima, akijizoa polepole kutoka sakafuni. "Lakini pweza naye nitamchukua. Wajukuu wangu hawali maneno mazuri."

Wakaenda. Walirudi wamechoka zaidi kuliko walivyowahi kuchoka, kwa kuwa walikuwa pungufu ya mama yangu na pweza wote waliwangoja ufukweni bila kupasuliwa. Walipasua mpaka jua likazama, na Hidaya, mwenye mdomo, alipasua fungu la Bi Mwatima kabla ya lake. Kutoka hapo maneno yale yakahama mtumbwini yakaingia kijijini. Ukimwona mwanamke anamtuma anayelinda chungu cha maziwa akalete kuni, utasikia mtu anamwambia. Ukimwona mlinzi wa shule amepewa ufagio, utasikia. Na Bi Mwatima macho yalipomwishia, aliyekaa mahali pake alikuwa Kazija, mwenye pumzi ndefu kuliko wote. Alivua miwani yake angali na nguvu za kuzamia, akampa Hidaya, akakaa mtumbwini mikono magotini mpaka uzee wake. Watu walimwambia anapoteza pumzi ile. Akawaambia amekwisha kuona kinachopotea.

Basi ndiyo hayo.

Sasa na mimi nimechoka. Jua limenichoma usoni tangu saa ile, na nimeanza kuona maji badala ya kuona watoto. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi, kusema umechoka kabla macho hayajakudanganya. Njoo ukae hapa, Nasra, nami nitakwenda kumenya vitunguu vyako. Usinikabidhi kwa haraka. Kaa kwanza, wapate macho yako, ndipo nitoe yangu. Taja majina yao.

Salha. Mundhir. Kheri. Vizuri. Lakini nasikia kwenye sauti yako kwamba mkono wa kulia umefumbata kitu. Kiweke.

Nimesikia. Kimegonga sinia.

Mtazama migongo hapewi kisu.